John Browning, fundi aliyebuni bunduki za Winchester na kufia Ubelgiji bila jina lake kuandikwa kwenye mtutu

Tarehe 26 Novemba 1926, katika kiwanda cha silaha cha Fabrique Nationale kule Herstal, karibu na mji wa Liège nchini Ubelgiji, mzee wa miaka 71 aliyetoka Marekani aliishiwa nguvu akiwa kazini. Alilazwa katika ofisi ya mwanawe Val, ambaye naye alifanya kazi kiwandani hapo, na muda mfupi baadaye moyo wake ukasimama. Mzee huyo aliitwa John Moses Browning.

Wakati huo Ubelgiji ndio uliotawala Kongo. Kwa Wakongo wengi Browning ni jina la bastola au la bunduki ya rashasha. Ni wachache wanaofikiri kwamba lilikuwa jina la mtu aliyeoa, aliyelea watoto na aliyegombana na wateja wake kuhusu malipo. Kule Marekani wako watu wanaomkumbuka kwa jambo tofauti kabisa. Hao ni wale wanaotafuta bunduki za zamani za wenzo ili wazitumie kulenga shabaha siku za mapumziko.

Bunduki ya wenzo ni ile yenye kipande cha chuma kilichopinda chini ya kitako, ambamo mpigaji huingiza vidole vyake. Akikisukuma mbele, ganda tupu linaruka nje. Akikirudisha, risasi mpya inaingia ndani na bunduki iko tayari. Risasi zenyewe hupangwa moja nyuma ya nyingine katika bomba lililo chini ya mtutu. Yeyote aliyewahi kuona filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani ameiona bunduki hiyo. Ile aliyoshika John Wayne katika filamu ya Stagecoach ya mwaka 1939 ilikuwa ya modeli ya 1892, ingawa hadithi ya filamu inatokea miaka kadhaa kabla ya bunduki hiyo kutengenezwa. Hollywood haikujali.

Mnunuzi makini anapoletewa bunduki ya namna hiyo, hasomi tu jina kubwa la Winchester lililochongwa juu ya mtutu. Hutafuta tarehe ndogo iliyo karibu nalo: 14 Oktoba 1884 kwenye modeli za 1886 na 1892, au 21 Agosti 1894 kwenye modeli ya 1894. Ni tarehe ambazo serikali ya Marekani ilitoa hati za uvumbuzi kwa Browning. Jina lake halipo. Ziko tarehe zake tu, na sababu ya hali hiyo ilikuwa biashara.

Kwa msomaji wa Bunia au Bukavu, kununua bunduki kwa ajili ya mchezo ni jambo geni, na pengine linauma. Kule Ogden, katika jimbo la Utah, alikozaliwa Browning tarehe 23 Januari 1855, bunduki ilikuwa chombo cha nyumbani kama jembe au sufuria.

Mtoto wa fundi

Baba yake, Mzee Jonathan Browning, alikuwa fundi bunduki na muumini wa kanisa la Wamormoni. Alihama na waumini wenzake kutoka Illinois hadi Utah, akaoa wake watatu na kupata watoto 22. Karakana yake ilirekebisha kila kitu cha chuma kilicholetwa, kutoka bunduki za wasafiri hadi vifaa vya shambani. John alikulia humo. Familia ilisimulia kwamba akiwa na umri wa miaka kama kumi alijitengenezea bunduki kutoka mtutu uliotupwa, akaenda kuwinda ndege pamoja na mdogo wake Matt. Shule aliiacha akiwa bado kijana.

Mwaka 1879 ulikuwa mzito kwake. Mwezi wa Aprili alimuoa Rachel Teresa Child. Mwezi wa Juni baba yake alifariki. Mwezi wa Oktoba alipata hati yake ya kwanza ya uvumbuzi, kwa bunduki inayobeba risasi moja tu, yenye mwili wa chuma mzito na uliokazana vizuri. Yeye na ndugu zake walijenga karakana ndogo Ogden wakaanza kuitengeneza wenyewe, mia chache tu kwa mikono na mashine chache walizokuwa nazo. John hakupenda kazi hiyo ya kurudia kitu kilekile kila siku. Alitaka kubuni kingine.

Kilichofuata kilianzia kwenye bunduki kuukuu. Muuzaji mmoja aliyezunguka kwa niaba ya kampuni ya Winchester alikutana na bunduki ya Browning iliyokwisha kutumika, akainunua na kuipeleka makao makuu kule New Haven, jimbo la Connecticut. Wakubwa wa kampuni waliona mara moja kwamba huko magharibi kuna mtu anayewazidi. Mwaka 1883 Thomas Bennett, mkwe wa marehemu Oliver Winchester na kiongozi wa shughuli za kiwanda, alisafiri hadi Ogden. John alitaja dola 10,000. Walielewana kwa dola 8,000, na bunduki ikatoka kwa jina la Winchester ya modeli ya 1885.

Dola 8,000 zilikuwa mali nyingi kwa vijana wa karakana ya mji mdogo. Lakini ni malipo ya mara moja. Winchester ikiuza bunduki mia au laki moja, fundi hapati kitu kingine. Msomaji wa Kolwezi anaijua tofauti hiyo bila kuelezwa: mchimbaji anayeuza jiwe lake shimoni na yule anayelipwa mrabaha kwa kila tani inayosafirishwa hawali meza moja.

Modeli nne zinazotafutwa hadi leo

Kwa miaka 19 makubaliano yalibaki hayohayo. John alibuni, Matt alisimamia biashara Ogden, Bennett alinunua. Katika muda huo Winchester ilinunua mipango 44 ya bunduki kutoka kwa Browning na kutengeneza 10 tu kati yake. Nyingine ilizinunua na kuzifungia kabatini, ili washindani wasizipate. Ni vigumu kuona hilo kama heshima kwa fundi.

Bunduki ya kwanza ya wenzo ilikuwa modeli ya 1886. Winchester za zamani, kama ile maarufu ya 1873, hazikuwa kazi ya Browning. Zilifungwa kwa viungo vinavyokunjika kama goti, na hazikuweza kuhimili risasi kubwa ya jeshi la Marekani, ile ya.45-70. Browning aliweka vipande viwili vya chuma vinavyopanda kutoka chini na kuziba nyuma ya risasi, kimoja kila upande, kama makomeo mawili ya mlango. Bunduki ikawa nyepesi kuchezesha na imara kuliko zote zilizotangulia. Mnunuzi wa leo bado anapata risasi za .45-70 dukani bila shida, ila anapaswa kuchagua zile zenye nguvu ndogo. Baadhi ya zinazouzwa sasa zimetengenezwa kwa bunduki mpya, na chuma cha karne ya 19 hakikukusudiwa kubeba mzigo huo.

Mwaka 1887, wakati bunduki hiyo ikiuzwa kwa wingi, Browning aliacha karakana na kwenda jimbo la Georgia kuhubiri dini yake kwa miaka miwili. Alirudi mwaka 1889 na kuanza tena kana kwamba hakuondoka.

Kisha ikaja modeli ya 1892, ambayo ni ile ya 1886 iliyopunguzwa ukubwa kwa risasi ndogo. Inasimuliwa kwamba Bennett aliitaka haraka, akaahidi malipo makubwa zaidi ikiwa itakuwa tayari ndani ya miezi miwili. Browning akajibu kwamba ataileta ndani ya siku 30 kwa dola 20,000, na akichelewa ataitoa bure. Hakuchelewa. Takriban milioni moja zilitengenezwa. Hii ndiyo inayopendwa na washiriki wa mashindano ya kulenga shabaha kwa mavazi ya wachunga ng'ombe, mchezo ulioanza Marekani katika miaka ya 1980. Shabaha zao ni sahani za chuma zilizo karibu, na risasi zao ni zile ndogo za bastola ambazo hazipigi bega kwa nguvu. Wengi wao hutumia nakala mpya kutoka Italia au Brazili ili wasiichoshe ya zamani.

Modeli ya 1894 ndiyo iliyowashinda wote kwa mauzo. Ilianza na risasi za baruti nyeusi, lakini mwaka 1895 ilipewa mtutu wa chuma kigumu zaidi na risasi mpya ya .30-30, yenye baruti isiyo na moshi. Ni nyembamba, inaingia vizuri pembeni mwa tandiko la farasi, na inatosha kwa swala. Zaidi ya milioni 7 zimetengenezwa. Kwa mtu anayenunua bunduki ya wenzo ya zamani kwa mara ya kwanza, hii mara nyingi ndiyo chaguo la busara, kwa sababu ziko nyingi, risasi zake zipo kila duka la Marekani, na mafundi wanazijua.

Modeli ya 1895 ilitofautiana na nyingine. Badala ya bomba, ina sanduku la risasi chini ya mwili wa bunduki. Sababu yake inafaa kujulikana na kila mnunuzi: katika bomba, ncha ya risasi moja inagusa kitako cha ile iliyo mbele yake, mahali penye kiwashio, na ncha kali inaweza kuilipua. Ndiyo maana bunduki za bomba hulishwa risasi zenye pua bapa au ya mviringo. Sanduku liliondoa kikwazo hicho. Urusi ya mfalme iliagiza modeli hiyo kwa jeshi lake wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, zaidi ya 290,000. Rais mstaafu wa Marekani Theodore Roosevelt aliibeba alipokuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909, na aliisifu sana kwa simba. Mwanzoni mwa 1910 msafara wake ulifika Lado, ng'ambo ya magharibi ya mto Nile, sehemu ambayo bado ilikuwa chini ya maofisa wa Ubelgiji wa Kongo. Pengine hakuna bunduki ya Browning iliyokuja karibu zaidi na nchi hii kwa ajili ya starehe tu.

Mnunuzi anakagua nini

Zote hizo nne zina umri mkubwa sasa, na soko lake lina mitego. Kwanza ni mifereji iliyo ndani ya mtutu. Viwashio vya zamani na mabaki ya baruti nyeusi vilikula chuma pale mwenye bunduki alipochelewa kusafisha, na bunduki inayong'aa nje inaweza kuwa na mtutu uliooza ndani. Mnunuzi huweka taa upande mmoja na kuchungulia upande wa pili. Akiona mashimo meusi na mifereji iliyofutika, risasi hazitakwenda anakolenga, hata bei iwe nzuri namna gani.

Pili ni mng'ao wenyewe. Bunduki iliyosuguliwa na kupakwa rangi upya hupoteza thamani mbele ya wakusanyaji, kwa sababu kingo za chuma hulainika na maandishi hufifia, pamoja na tarehe zile ndogo. Vichwa vya skrubu vilivyochubuka husimulia kwamba mtu asiye fundi aliwahi kuifungua. Mbao ya kitako hupasuka nyuma ya mwili wa chuma, pale inapopokea kishindo. Wenzo ukilegea na kucheza ukiwa umefungwa, fundi apime kwanza kama risasi inakaa mahali pake kabla mtu yeyote hajafyatua.

Tatu ni namba iliyochongwa chini. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 inahesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kama kitu cha kale, kisichofuata masharti ya shirikisho yanayohusu silaha za kawaida, ingawa majimbo yana sheria zao. Kwa hiyo bunduki mbili zinazofanana kama mapacha, moja ya 1898 na nyingine ya 1899, hazinunuliwi kwa utaratibu mmoja. Jumba la makumbusho la silaha la Cody, jimbo la Wyoming, linahifadhi daftari za zamani za Winchester. Kwa malipo, linamwandikia mwenye bunduki barua inayoonyesha jinsi ilivyotoka kiwandani: urefu wa mtutu, aina ya risasi, siku iliyoondoka ghalani. Barua hiyo imewaumbua wauzaji wengi waliofupisha mtutu au kubadilisha kitako.

Ugomvi wa mwaka 1902

Browning hakuacha kazi na Winchester kwa hasira ya ghafla. Alikuwa amebuni bunduki ya kuwindia ndege inayojipakia risasi yenyewe, ya kwanza ya aina yake kufanikiwa, na alijua thamani yake. Safari hii hakutaka bei ya mara moja. Alitaka mrabaha kwa kila bunduki itakayouzwa. Bennett alikataa. Kampuni haikuwa na desturi hiyo, na ikikubali kwa moja italazimika kukubali kwa zote zitakazofuata. Hesabu ya Bennett ilikuwa sahihi kwa mwaka huo, na ikaigharimu kampuni yake kwa miaka mingi.

Browning alikwenda kwa mshindani, Remington. Tarehe 8 Januari 1902 alikuwa amekaa akimngoja rais wa kampuni hiyo, Marcellus Hartley, ndipo akaletewa habari kwamba Hartley amekufa kwa moyo siku hiyohiyo. Akapanda meli kwenda Ubelgiji. Kiwanda cha Herstal kilimfahamu tayari, kwani tangu 1897 kilikuwa na mkataba wake wa bastola. Mwezi wa Machi 1902 kilitia sahihi na kukubali mrabaha.

Tangu hapo maisha yake yaligawanyika kati ya Ogden na Liège. Mwaka 1914 Mfalme Albert I alimpa nishani ya Leopold. Mwaka huohuo bastola ya Herstal aliyobuni yeye ndiyo iliyotumika Sarajevo kumuua mrithi wa kiti cha Austria, na vita vikaanza. Marekani ilipoingia vitani, alikubali dola 750,000 kwa haki za silaha zake za rashasha, kiasi kidogo sana ukilinganisha na mrabaha ambao angeweza kudai. Mtu aliyevunja ushirika wa miaka 19 kwa sababu ya mrabaha hakuudai kutoka kwa serikali yake wakati wa vita. Kwa mizani yake, kampuni na nchi hazikuwa kitu kimoja.

Matt alifariki mwaka 1923. John aliendelea kusafiri peke yake au na mkewe, hadi ile siku ya Novemba. Aliacha hati 128 za uvumbuzi. Mwili wake ulirudishwa Ogden na kuzikwa huko.

Mwaka mmoja baada ya kifo chake, 1927, Winchester ilimkabidhi Rais Calvin Coolidge bunduki ya milioni moja ya modeli ya 1894. Kampuni iliendelea kuitengeneza, na mwaka 1964, ili kupunguza gharama, ilibadilisha namna ya kuunda vipande vya ndani. Wanunuzi waligundua haraka. Hadi leo, kwa wauzaji wa Marekani, neno la kwanza linaloulizwa kuhusu bunduki hiyo ni kama ni ya kabla ya 1964, na bei hufuata jibu.

Kiwanda cha New Haven kilifungwa mwaka 2006. Modeli za 1886, 1892, 1894 na 1895 zinatengenezwa sasa Japani, katika kiwanda cha Miroku, na bado zinabeba jina la Winchester. Anayeziingiza Marekani ni kampuni ya Browning, ambayo tangu 1977 ni mali ya wenye kiwanda cha Herstal. Pembeni mwa mtutu wa bunduki hizo mpya, kwa herufi ndogo, huandikwa BACO, kifupi cha kampuni hiyo, pamoja na mahali ilipo: Morgan, Utah, si mbali na Ogden.